Kipanya Chepesi, Bei Nzito

Mwambie mama mkwe kwamba mmelipa shilingi 180,000 kwa ajili ya kipanya, atauliza kama ni cha dhahabu. Na hapo bado hujamweleza kwamba ni cha kuchezea gemu!

Jamani, hili si la utani. Zamani watu walinuniana ndani ya nyumba kwa sababu ya mpira wa Jumamosi au simu inayoita usiku wa manane. Siku hizi kuna wanandoa, wasomi wazuri tu wenye kazi zao, wanaolala wakipeana mgongo kwa ajili ya kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Mmoja anaona ni upuuzi. Mwingine anaapa kwamba bila hicho hawezi kushinda. Nani mkweli?

Kwetu kilifika mwezi Novemba. Sasa Novemba hapa Mbebe, kwenye milima ya Ileje mkoani Songwe, ni mwezi wa habari moja: mvua inakuja, mbolea iko wapi? Mwenzangu ni mwalimu wa sekondari. Mimi nahariri kurasa kama hizi nikiwa hukuhuku na kuzituma kwa intaneti. Laptopu ya maana tunayo moja: mchana yangu, usiku yake, akishamaliza kusahihisha madaftari. Kipanya alikiagiza Kariakoo, kikapanda basi hadi Tunduma, na mimi nikakifahamu siku tulipokwenda kuchukua mzigo. Hela ya mbolea ilikuwa imepungua kwa kiasi hichohicho.

Sikupiga kelele. Nilimwambia: "Baba, nipe siku kumi na nne. Kikitufaa wote wawili, kinabaki. Kikikufaa wewe peke yako, kinarudi Tunduma kutafutiwa mnunuzi." Akakubali, shingo upande.

Kampuni sitaitaja. Wauzaji hubadili majina ya maboksi kama watu wanavyobadili kava za simu, lakini namna ya kukipima haibadiliki.

Gramu zinazogombewa

Boksi lilisema gramu 59. Mimi maboksi siyaamini, kwa hiyo palepale Tunduma nilimwomba sonara mmoja atupimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Mzee wa watu alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini alipima: 61. Gramu mbili si za kupelekana mahakamani. Kipanya changu cha zamani, kile cha betri mbili ndogo za AA, kilisoma 112, na karibu 46 kati ya hizo ni betri zenyewe.

Kwa msomaji wa Dar wa umri wangu: hapana, siongelei Hiace za abiria tulizokuwa tukiziita vipanya, wala katuni ya Masoud. Naongelea cha kompyuta. Cha kwanza kabisa kilikuwa cha mbao! Kilitengenezwa mwaka 1964 kwenye maabara ya Douglas Engelbart huko California, naye akakionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyehangaika na wepesi. Kwa wacheza gemu ilikuwa kinyume kabisa, kizito ndicho cha maana. Logitech G502 ya mwaka 2014 ilikuwa na gramu 121, na ndani ya boksi walikuwekea vijichuma vya kuongeza uzito zaidi.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2019 Glorious walikuja na Model O ya gramu 67, ganda limetobolewa matundu kama sega la nyuki. Mwaka 2020 Logitech wakatoa Pro X Superlight, haina waya, haina matundu, na haifiki gramu 63. Razer Viper V3 Pro ya mwaka 2024 ina gramu 54. Na ukiishi huku kwetu, ya matundu sahau. Vumbi la kiangazi linaingia hadi kwenye sanduku lililofungwa, sembuse kidude chenye madirisha!

Kwa nini mtu mzima agombanie gramu? Mchezaji wa gemu za kulenga na kupiga, kama Counter-Strike, hutaka mshale uende taratibu ili alenge sawasawa. Wengi wa mashuhuri huweka DPI 400 au 800, yaani hatua 400 au 800 kwa kila inchi moja ya mwendo wa kipanya. Kwa 400, kuvuka skrini yenye upana wa nukta 1,920 ni safari ya sentimita 12. Kisha anakinyanyua, anakirudisha, anaanza upya, mara mia kadhaa kwa usiku mmoja. Hapo ndipo gramu 50 zinapohesabika. Na ile DPI 26,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi? Mapambo.

Visingizio vya waya

Waliosema zamani kwamba kipanya kisicho na waya kinachelewa, walikuwa na haki. Leo hali ni tofauti. Hiki chetu kinapotumia kipokezi chake kidogo cha USB kinatuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja. Ukikiunganisha kwa Bluetooth, kwa kawaida mambo hushuka hadi kama mara 125, sawa na milisekunde 8. Kwa kuandika barua hutaona tofauti. Kwa gemu utaiona.

Ila mwenzangu alikuwa ameshaanza kuota kingine, cha mara 8,000 kwa sekunde. Nikamfanyia hesabu juu ya bahasha. Seva anazochezea ziko Johannesburg, karibu kilomita 1,900 kutoka Mbebe kwa mstari ulionyooka. Hata mwanga wenyewe ukipita ndani ya nyuzi za mawasiliano unahitaji kama milisekunde 19 kwenda na kurudi, na nyuzi hazijanyooka hivyo. Sasa mtu wa namna hiyo anaenda kununua sehemu ya nane ya milisekunde? Akacheka, akakunja bahasha.

Siku ya tatu mshale ulianza kukwamakwama, na kipanya kikatukanwa matusi ya kila aina. Kumbe hakikuwa na kosa. Kipokezi kilikuwa kimechomekwa jirani na diski ya nje ya USB 3, na vifaa hivyo hutoa kelele ya redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Tulikihamishia upande wa pili kwa ule waya mfupi wa kurefushia, kikakaa kando ya padi, tatizo likaisha. Waya huo mara nyingi umo ndani ya boksi na watu huutupa pamoja na karatasi.

Mchana: mtihani wangu

Nilikitumia kupanga kurasa, kama saa sita au saba kwa siku. Siku mbili za mwanzo zilikuwa mbaya, sitaficha. Meza yetu imepigwa vanishi, vijiguu vya kipanya vinateleza, na chenyewe hakina uzito wa kukituliza. Nikitaka kukamata kisanduku kidogo cha maneno, kidole kikibofya tu mshale umeshahama. Nilinunua padi ya kitambaa, nikashusha DPI kutoka 1,600 hadi 800. Kufika siku ya tano nilikuwa nimezoea, na nilipokirudia kile cha gramu 112 nilihisi kama nasukuma tofali.

Je, kinaponya maumivu ya kifundo cha mkono kama muuzaji alivyoandika? Hapana. Nafuu niliipata nilipoweka mto kwenye kiti, mkono ukawa sawa na meza. Mwenye ganzi ya vidole inayomwamsha usiku aende kituo cha afya, asiende Kariakoo.

Kwa wawili wanaochangia kifaa, kinachoamua hasa ni umbo. Yeye ana kiganja kikubwa na hukikumbatia kipanya chote. Mimi hukishika kwa ncha za vidole. Hiki ni kifupi, kimelala, pande zote sawa, kwa hiyo mimi kimenikaa vizuri kuliko mwenyewe aliyekiagiza! Yeye kidole kidogo kinabaki kikiburuzika mezani. Kama kuna mtumia mkono wa kushoto nyumbani, angalia vitufe vya ubavuni viko upande gani kabla hujatoa hela.

Usiku: mtihani wetu

Hapa ndipo kilipopata maksi za aibu. Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta wa katikati haufiki darini. Ganda ni jembamba, ndani ni tupu, na kila kubofya kunasikika kama mtu anavunja vijiti. Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta. Saa sita usiku! Vipo vipanya vya vitufe vya kimya, lakini mwenzangu alivijaribu kwa rafiki yake akasema ni kama kubonyeza ugali.

Usiku wa tisa usingizi ulikataa kabisa, nikaenda kukaa pembeni yake na blanketi langu. Nilitaka nione hiyo vita inayokula mbolea. Alikuwa na washikaji zake wanne wa chuoni, wawili Dar, mmoja Dodoma, mmoja Mwanza, wote wanaongea kwa maikrofoni. Kulenga kulikuwa kidogo, stori nyingi. Nani kapata mtoto. Nani kahamishwa. Mmoja alikuwa amefiwa na baba yake wiki ile, na katikati ya risasi wakanyamaza wote, gemu ikaenda yenyewe wakauawa, wakawa wanamsikiliza. Tangu apangiwe kazi huku Ileje, hicho ndicho kijiwe chake. Miaka sita ya ndoa, na hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa mezani kwetu, kwa sababu kila mara tulipoanza kuzungumzia gemu tuliishia kwenye saa na umeme.

Tulipanga upya palepale. Mwisho saa nne na nusu usiku, Ijumaa hakuna kikomo, na Ijumaa hiyo mimi nalala na redio masikioni.

Umeme ukikatika

Boksi liliahidi saa 70 kwa chaji moja. Tulikijaza Jumapili jioni, kikatumika mchana na usiku, kikaanza kuwaka taa nyekundu Ijumaa usiku. Kwa makadirio yangu ni kama saa 46. Si haba, na kinafanya kazi huku kikichajiwa, hata kwa pawabenki. Wasiwasi wangu ni betri iliyofungiwa ndani. Ikichoka miaka michache ijayo, nani ataifungua?

Ndiyo maana kwa nyumba ambayo umeme ni wa kubahatisha, mimi ningeangalia kwanza kitu kama Logitech G305 ya mwaka 2018. Ni gramu 99 pamoja na betri, lakini betri ni AA moja ambayo duka lolote lina yake, na watengenezaji wanasema inafika saa 250. Ukiweka AA ya lithiamu, yenye gramu kama 15 badala ya 23, inapungua nane nyingine. Kwa mchezaji wa usiku mmojammoja inatosha kabisa.

Chetu hakikurudi Tunduma. Nimekipa 8 kwa 10 kwenye gemu, 7 kwenye kazi, 3 kwenye usingizi. Pengo la mbolea alilijaza mwenyewe: aliuza spika zake mbili, na kilichobaki kikakatwa kwenye hela yake ya mfukoni mpaka Januari. Na kwa sasa kifaa chochote cha zaidi ya shilingi 50,000 hakiagizwi mpaka wote wawili tumekiona kwenye picha.

Ukienda dukani, usikubali boksi lililofungwa. Lishike jambo lenyewe mkononi kwa dakika tano. Bofya kila kitufe mara hamsini hivi na uangalie kama mbofyo mmoja hauhesabiwi kuwa miwili. Kitikise uone kama ndani kuna kitu kinacheza. Geuza tumbo uhakikishe kipokezi kimo ndani ya tundu lake, kwa maana hicho kikipotea, kwa vipanya vingi vya kampuni ndogo hupati kingine. Kama hakina Bluetooth, gramu zako 61 zinakuwa pambo la meza.