Saa Mia Mbili za Angani: Ununue Wapi kwa Fedha ya Shinyanga?

Kama umeuza karasha la mawe ya dhahabu Kahama, au mzee amekubali kupunguza zizi kule Kishapu ili kijana akasomee urubani nje ya nchi, fedha hiyo isitoke benki wiki hii. Wakala amekuletea karatasi yenye picha ya ndege nyeupe na bei moja imeandikwa chini. Katika bei zote utakazozisikia kwenye safari hii, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Unachonunua ni saa za kuruka. Leseni ya rubani binafsi inadai angalau saa 40. Leseni ya rubani wa biashara, ile wanayoiita CPL, inadai saa 200, au 150 kama kozi ni ya mfululizo na imeidhinishwa. Hicho ni kiwango cha chini. Kwenye leseni binafsi wengi huvuka saa 55 kabla mwalimu hajaridhika, na kila saa ya ziada ni ya mfuko wako.

Chukua mfano mwepesi: saa moja ya ndege ndogo ya injini moja pamoja na mwalimu ni dola 200. Saa 200 ni dola 40,000. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 100, sawa na ng'ombe mia moja wa milioni moja moja. Na bado hujalala mahali, hujala, hujafanya mtihani.

Kabla ya ng'ombe wa kwanza kutoka zizini, mpeleke kijana akapimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ni laki kadhaa tu na nauli. Wanaangalia moyo, masikio, macho na uwezo wa kutofautisha rangi. Miwani si tatizo kama inamfikisha kwenye kiwango. Hapa Kanda ya Ziwa selimundu ni nyingi: anayebeba kinasaba tu huwa na nafasi, lakini mwenye ugonjwa wenyewe kwa kawaida hapiti. Afadhali ulijue hilo kwa laki kadhaa kuliko ukaambiwe Johannesburg umeshalipa ada ya muhula.

Sasa soko.

Nyumbani kwanza. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo Dar es Salaam, kimepata ndege za mafunzo kupitia mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia. Faida yake ni kubwa: hakuna viza, na leseni inatoka mamlaka ile ile utakayofanya nayo kazi. Swali la kuuliza pale, na kwenye shule yoyote binafsi ya hapa nchini, ni hili: cheti chenu cha TCAA kinawaruhusu kufundisha hadi ngazi gani, na leo asubuhi ndege ngapi zimeruka? Usiulize wana ndege ngapi. Ndege iliyoegeshwa ikisubiri kipuri haikupi saa, ila chakula na pango unaendelea kulipa.

Nairobi, uwanja wa Wilson, shule ni nyingi na zinashindana, kwa hiyo kuna nafasi ya kujadili bei. Basi la Mwanza linakupitisha Sirari, huhitaji viza, unahitaji hati ya mwanafunzi tu. Kanuni za anga za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimelinganishwa kupitia wakala wake wa usalama wa anga ulioko Entebbe, hivyo kubadilisha leseni ya Kenya iwe ya Tanzania hakusumbui kama kubadilisha ya mbali. Kasoro ya Wilson ni msongamano. Mita ya ndege huanza kuhesabu injini inapowaka. Ukikaa kwenye foleni dakika kumi kila safari, kwa safari 120 umelipia saa 20 ukiwa chini. Kwa bei ya mfano wetu ni dola 4,000, milioni 10 za Kitanzania. Dakika hizo zinaandikwa kwenye kitabu chako cha saa, sikatai, ila hujifunzi kutua ukiwa umesimama nyuma ya ndege ya watalii.

Soroti, Uganda, ni chuo cha zamani. Kilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwanzo; ilipovunjika 1977 Uganda ikabaki nacho. Mabasi ya Kampala yanapita Kahama, na maisha ya Soroti ni nafuu kuliko Nairobi. Anga haina msongamano. Hapa tena, piga simu uulize idadi ya ndege zinazoruka, halafu mtafute mwanafunzi anayesoma sasa hivi umuulize ana saa ngapi na amekaa miezi mingapi. Gawa mwenyewe. Akiwa na saa 60 kwa miezi 18, umepata jibu bila kusoma kipeperushi.

Addis Ababa kuna chuo cha shirika la ndege la Ethiopia, kinapokea wanaojilipia kutoka nje. Nidhamu ni ya kijeshi kidogo, simuleta za ndege kubwa zipo palepale. Anayetaka kufika kwenye ndege za abiria na ana mfadhili, hapa ni pazuri. Asiye na mfadhili, bei itamshinda katikati.

Afrika Kusini ndiko mawakala wengi watakakokuelekeza. Hali ya hewa inaruhusu kuruka siku nyingi za mwaka, walimu wapo, ndege zipo. Tatizo ni makaratasi. Mtanzania anaingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90, na kuna mawakala watakaokwambia "nenda tu, utabadilisha ukifika." Usikubali. Viza ya masomo inaombwa ukiwa nyumbani, na inadai hati ya polisi na bima ya afya ya kampuni iliyosajiliwa hukohuko, ambayo mara nyingi unalipia mwaka mzima kwa mkupuo. Bima na viza ndivyo vitu viwili ambavyo karatasi ya wakala huwa haina.

Marekani nitakuwa mfupi. Kozi kamili zinatangazwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na baadhi zimepita 100,000. Ila bei siyo hoja tena kwa sasa: Desemba 2025 serikali ya huko iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizosimamishiwa baadhi ya viza kuanzia 1 Januari 2026, zikiwemo viza za wanafunzi za F na M, na M ndiyo inayotumiwa na shule nyingi za urubani. Anayekuomba "ada ya kushikilia nafasi" ya Florida, funga mkoba. Uingereza nako kozi za mfululizo zimevuka pauni 100,000, na kwa fedha hiyo unaweza kusomesha watoto wawili Nairobi. Ufilipino ni nafuu kwa saa, lakini nauli, mvua na kimbunga vitakurudishia tofauti hiyo.

Kuna gharama ambazo hazimo kwenye karatasi ya nchi yoyote. Mtahini wa safari ya mwisho hulipwa kivyake, na ndege ya mtihani unaikodi wewe. Ukishindwa, unalipa vyote upya. Ada ya kutua viwanja vingine. Nyongeza ya mafuta: ndege nyingi ndogo zinatumia petroli maalumu ya ndege, adimu na ghali Afrika, kwa hiyo uliza kama bei ya saa imejumuisha mafuta na kama inaweza kupandishwa katikati ya kozi. Shule zenye ndege za injini ya dizeli, zinazotumia mafuta yaleyale ya ndege kubwa, huwa na bei tulivu zaidi. Hedseti nunua iliyotumika kwa anayemaliza, usichukue ya dukani kwa shule.

Halafu kuna dola. Mwaka 2021 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilivuka 2,600. Kwa kozi ya dola 60,000, tofauti hiyo ya shilingi 300 ni milioni 18, na hakuna mtu aliyepandisha ada. Tenga akiba ya moja ya kumi kwa ajili ya hilo. Unapotuma, agiza benki kwamba makato yote ya njiani yalipwe na wewe mtumaji, la sivyo fedha itafika pungufu na shule itakuandikia deni.

Na wakala anayekutajia "ada yangu ya huduma" kwa dola akiwa amekaa Mwanza au Dar? Kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni. Mwambie akupe kwa shilingi, na risiti ya mashine. Wengine hapo hukumbuka wana kikao.

Kubwa kuliko yote: usilipe kozi nzima mapema, hata ukipewa punguzo la asilimia kumi. Aprili 2023, huko Dundee, Scotland, shule ya urubani iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 50 ilifunga ghafla, na wanafunzi waliokuwa wametanguliza fedha wakabaki wanadai. Kama ya Scotland inaweza kuanguka, ya kwetu haina kinga. Lipa kwa mafungu ya saa 10. Shule isiyokubali mafungu, iache.

Kuna pia gharama ya kurudi. Leseni ya nje haikufanyi rubani wa Tanzania. TCAA itataka uthibitisho kutoka mamlaka iliyoitoa, mtihani wa sheria za anga za hapa, afya, na pengine safari ya majaribio. Kipimo cha afya hudumu miezi 12, ukiwa na kazi au huna. Na ndege anazoziona kijana zikitua kwenye viwanja vya migodi ya Geita na Bulyanhulu hazikabidhiwi mtu mwenye saa 200 siku ya kwanza. Wenye nazo wanataka saa zaidi, na ndege kubwa inadai idhini yake maalumu ambayo peke yake inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Weka fedha ya mwaka mmoja wa kungoja.

Kwa hiyo nani aende wapi? Mwenye milioni 130 hadi 150 mkononi, za kweli, aende Nairobi au Soroti, alipe kwa mafungu. Mwenye zaidi ya hapo na subira ya makaratasi, Afrika Kusini inafaa. Mwenye milioni 30 na matumaini ya mavuno ya mpunga asianze. Leseni binafsi haimruhusu kulipwa hata shilingi, na akisimama mwaka mzima atalipa tena kurudia aliyokwisha kuyajua. Huyo atazame uhandisi wa matengenezo ya ndege hapo NIT, shahada inayoweza kuombewa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na afuatilie matangazo ya mfuko wa mafunzo wa TCAA ambao umekuwa ukisomesha marubani.

Wiki hii basi: laki kadhaa za daktari, simu tatu kwa wanafunzi walioko shuleni sasa, na saa moja tu ya majaribio angani ukipita Nairobi au Dar. Wapo vijana waliogundua kwenye saa hiyo moja kwamba hewa ya mchana inawatapisha. Ng'ombe wakabaki zizini.