Je, Wajua? Kompyuta Zako Zaweza Kuongea Bila Bando

Je, wajua kwamba kompyuta mbili hazihitaji bando hata kidogo ili zipelekeane faili? Bando ni la kutoka nje, kwenye intaneti. Ndani ya nyumba, iwe Lodwar mjini au Kalobeyei, mawimbi ya Wi-Fi hayana malipo. Zima data ya simu, washa hotspoti, kisha ziunge laptopu zote mbili hapo. Kwenye simu nyingi hilo latosha. Ila kwenye Windows, uuweke mtandao huo kuwa wa faragha wala si wa umma, la sivyo kompyuta zitafichana hata zikiwa meza moja. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia flashi, pamoja na virusi vyake.

Wajua kwamba faili ikipitia ruta husafiri hewani mara mbili? Kutoka laptopu ya kwanza hadi ruta, kisha ruta hadi ya pili, na kwa zamu, kwa kuwa mara nyingi zote hutumia chaneli moja. Chomeka mojawapo kwa waya, safari moja itapungua.

Kompyuta isipopata wa kuipa anwani, hujipa yenyewe. Anwani hiyo huanza na 169.254. Ukiiona huku laptopu mbili zikiwa zimeungana moja kwa moja, usishtuke, zitaonana. Ukiiona ukiwa kwenye ruta, basi ruta haijajibu. Izime, uiwashe tena.

Mabati hurudisha mawimbi. Ruta iliyofungiwa katika duka la mabati pale Kakuma itashika vizuri ndani na vibaya nje. Ukuta wa miti hupitisha zaidi. Isogeze dirishani.

Wajua kwamba ruta nyingi za nyumbani hula volti 12, kama betri ya sola? Stima ikipotea, mtandao wako wa ndani waweza kuendelea. Soma kwanza kibandiko kilicho chini yake, kwani nyingine ni za volti 9 au 5, nazo zitaungua. Tumia kidhibiti volti.

UNHCR na Vodafone Foundation walianzisha Instant Network Schools huko Dadaab mwaka 2013, na baadaye Kakuma ikafikiwa: tableti, betri za sola, masomo. Kuna pia programu ya bure, Kolibri. Kompyuta moja hubeba video na mazoezi, na tableti za darasa zima huyafungua bila intaneti. Kwa mtoto wa Turkana, naona hili ni kubwa kuliko kasi yoyote inayotangazwa.

Na umbali je? Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 kwa barabara. Mwaka 2007, nchini Venezuela, Ermanno Pietrosemoli na wenzake walifikisha Wi-Fi kilomita 382, mlima hadi mlima, kwa antena za dishi zilizoelekezana bila kizuizi. Ilibidi pia warefushe muda ambao kifaa hungoja jibu, maana Wi-Fi ya kawaida haijazoea mwenzake kuwa mbali hivyo.