Gari Gani Linafaa? Hesabu ya Spea na Matengenezo



Madereva na makondakta wanapoweka akiba pamoja ili wanunue gari lao na kuacha kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, swali la kwanza katika mkutano huwa ni moja: tununue gari la jina gani? Mmoja atasema Toyota, mwingine Nissan, wa tatu atamtaja shemeji yake mwenye Subaru ambayo haijawahi kulala gereji. Mwishowe akiba ya miaka mitatu au minne hutoka kwa siku moja kwa kufuata sauti iliyokuwa kubwa zaidi.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kulinganisha magari kwa hesabu. Jambo hili si dogo. Gari likiharibika baada ya miezi sita, mkopo hauharibiki pamoja nalo. Wenye kikundi wataendelea kuulipa huku gari limewekwa juu ya mawe.

BEI YA KUNUNUA NI MWANZO TU

Gari la kazi lina gharama tano: bei ya kulinunua, mafuta, matunzo ya kawaida kama vile oili, filta na matairi, matengenezo linapoharibika, na siku ambazo limesimama. Hii ya tano ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu hakuna mtu anayeandikiwa risiti ya siku ya kusimama.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei za soko. Gari la kwanza linauzwa Shs. 40,000,000 na la pili Shs. 32,000,000. La kwanza linafanya kazi siku 26 kwa mwezi. La pili linafanya siku 22, kwa kuwa spea zake hungojewa. Ikiwa kila gari hubakiza Shs. 80,000 kwa siku baada ya mafuta, basi la pili linapoteza Shs. 320,000 kila mwezi. Kwa miaka miwili hiyo ni Shs. 7,680,000. Ile nafuu ya Shs. 8,000,000 tuliyoifurahia siku ya kununua imekaribia kwisha yote, na bado hatujamlipa fundi wala kununua spea hata moja.

WINGI WA GARI NI SEHEMU YA UIMARA WAKE

Nchini Uganda, teksi ya abiria 14, ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita matatu na wa Tanzania daladala, kwa kawaida ni Toyota HiAce. Wengi hudhani sababu ni ugumu wa gari lenyewe peke yake. Ugumu upo, lakini wingi nao ni sababu kubwa. Pale ambapo gari la aina moja limejaa, kila duka huweka spea zake, wauzaji hushindana, na bei hushuka. Magari yaliyokufa hutoa milango, taa na gia boksi kwa ajili ya yale yanayotembea. Kijana anayejifunza ufundi huanza na injini hiyo hiyo. Ndiyo maana HiAce ikiharibika Masaka au Mbale, fundi anayeijua hatafutwi kwa tochi.

Historia inatuonyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Peugeot 404, na baadaye 504 iliyotoka mwaka 1968, zilikuwa magari ya kutegemewa katika nchi nyingi za Afrika. Katika mashindano ya Safari, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Hakuna aliyetilia shaka ugumu wake. Lakini Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, biashara nyingi zilivurugika, fedha za kigeni zikaadimika, na bidhaa kutoka nje zikawa za magendo. Magari ya kila jina yalisimama Uganda kwa kukosa kitu kidogo cha kubadilisha. Hayakugeuka kuwa mabovu. Spea ndizo zilizokosekana.

Kwa sababu hiyo jibu hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kule Kenya, Nissan Caravan ilienea kiasi kwamba watu wengi walizoea kuiita matatu yoyote ya abiria 14 "Nissan", hata ikiwa ni Toyota. Dereva wa Busia au Malaba, ambaye anaweza kupata spea pande zote mbili za mpaka, hafanyi hesabu sawa na dereva wa Arua. Vivyo hivyo kwa aina ya kazi. Anayetafuta lori la kubeba matoke hatauliza habari za HiAce. Atakutana na Mitsubishi Fuso na Canter, au Isuzu, kwa kuwa katika malori hayo ndiyo yenye mafundi na spea nyingi.

JINA MOJA, INJINI NYINGI

Kosa la pili ni kudhani kwamba jina lililo nyuma ya gari linatosha. Tazameni Toyota Premio iliyotoka mwaka 2001, ambayo wengi huitumia kwa teksi za kukodi. Jina ni moja na bodi ni moja, lakini ndani kuna injini tatu. Ya sentimita za ujazo 1,500 ni 1NZ-FE, na ya 1,800 ni 1ZZ-FE. Zote mbili ni za kawaida, na zinatumia cheni ya taimingi. Ya 2,000 ni 1AZ-FSE, ambayo petroli yake huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa. Mfumo huu una vifaa vya bei zaidi na si kila fundi wa barabarani anauweza.

HiAce nayo ni hivyo hivyo. Injini ya dizeli ya 3L, yenye sentimita za ujazo 2,779, haina taabo, na pampu yake ni ya kawaida. Fundi aliyeizoea huitengeneza bila kompyuta. Ile ya 1KD, yenye 2,982, ina taabo na ina nguvu zaidi, lakini dizeli yake husukumwa kwa mgandamizo mkubwa na nozeli zake huamrishwa kwa umeme. Maji au uchafu kidogo ndani ya mafuta huziua, na nozeli ni nne. Dereva anayenunua dizeli ya madumu kando ya njia akumbuke hilo. Injini ya petroli ya 1TR-FE, yenye 1,998, hutumia cheni, wakati zile mbili za dizeli hutumia mkanda wa taimingi. Mkanda ukipita muda wake na kukatika, pistoni hupiga valvu, na kazi iliyokuwa ya mkanda mmoja inakuwa ya silinda hedi nzima.

Subaru nyingi huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na silinda zake zimelala ubavuni. Ni gari imara barabarani, lakini kufikia plagi tu kunahitaji muda, na matairi yote manne yapaswa kuwa ya kipimo kimoja na uchakavu unaolingana, la sivyo mfumo wa kuyaendesha huumia. Kwa mtu aliyezoea kununua tairi moja moja kadiri apatavyo fedha, hiyo ni gharama ya kuhesabiwa mapema.

Basi kabla ya kulipa, someni namba ya injini kwenye kibati, kisha mkaulize bei za spea za injini hiyo hasa. Orodha fupi yatosha: mkanda au cheni ya taimingi, klachi, nozeli au plagi, pampu ya maji, shokapu na pedi za breki. Pelekeni orodha hiyo kwenye maduka matatu, Kisekka na kwingineko. Duka likisema "tutakuagizia", andikeni pia idadi ya siku.

UMRI NA MAISHA YA KWANZA YA GARI

Magari mengi tunayonunua yamekwisha kutumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilizuia yaliyofikia miaka 15. Maana yake ni kwamba gari "jipya" la Kampala laweza kuwa na umri unaokaribia mara mbili ya lile "jipya" la Nairobi. Mipira, bushi na mabomba ya rejeta huzeeka hata kama gari halikutembea sana. Mita ya kilomita nayo yaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo tazameni pia uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva.

Aidha, HiAce nyingi zilitengenezwa kubeba mizigo, na viti vya abiria vimefungwa baadaye huku kwetu. Chunguzeni viti hivyo vimeshikwa na nini. Kiti kinachong'oka siku ya ajali hakina jina la kampuni. Kina majina ya abiria waliokuwa juu yake.

WAPI TUBANE MATUMIZI

Kuna spea halisi, kuna zilizotengenezwa na kampuni nyingine kwa kipimo hicho hicho, kuna zilizotolewa kwenye magari mengine, na kuna za kughushi. Si kila spea ya bei nafuu ni mbaya. Mlango, kioo, bampa au taa kutoka gari lililokufa ni akiba nzuri. Lakini breki, viungo vya usukani na mkanda wa taimingi si mahali pa kubana. Oili na filta zibadilishwe kwa kilomita zilizowekwa, si kwa kuangalia rangi wala kwa kungoja mwezi wenye fedha.

NANI ANALIPA?

Mwanachama ambaye bado anaendesha gari la tajiri atauliza: haya yananihusu nini? Yanamhusu sana. Mara nyingi mwenye gari huamua jina la gari, hununua spea ya bei ya chini kabisa na kuahirisha oili. Kisha injini ikifa, dereva ndiye anayeambiwa ameiua. Siku gari linaposimama, tajiri hupoteza faida, lakini dereva na kondakta hupoteza chakula. Msimamo wetu ni kwamba makubaliano yaandikwe: nani ananunua oili, matairi na breki, baada ya kilomita ngapi, na kwamba siku gari liko gereji hesabu haidaiwi. Dereva naye awajibike kwa yaliyo mikononi mwake: kupima maji na oili kila asubuhi, kutozidisha abiria, na kutoa taarifa mapema asikiapo mlio mgeni.

DAFTARI LA GARI

Tunapendekeza kila gari liwe na daftari moja linalokaa ndani yake. Ziandikwe tarehe, kilomita, lita za mafuta, spea iliyobadilishwa, bei yake, duka lilikonunuliwa, jina la fundi, na siku ambazo gari lilisimama. Kazi hii haizidi dakika tano kwa jioni. Daftari hilo ni ushahidi wa dereva anaposingiziwa kuua injini, na ni kumbukumbu ya kikundi linapokuja swali la kuuza au kuendelea kutengeneza.

Madaftari ya steji moja yakijumlishwa kwa mwaka mzima, gharama zote zigawanywe kwa kilomita zilizotembewa. Hapo tutajua katika barabara zetu wenyewe na kwa mafundi wetu wenyewe ni gari gani na injini gani inayotula, na ipi inayotulisha. Makatibu wa matawi waombwe kutenga nafasi ya kusoma hesabu hizo katika mikutano ya kila robo mwaka, na kikundi chochote kinachotaka kununua gari kizisome kwanza kabla ya kupiga kura.