Mtama wenye ukakasi wachunguzwa Marekani, mkulima asitupe mbegu yake

KWA miaka mingi mkulima wa mtama wa Dodoma, Singida na Shinyanga ameambiwa jambo moja: achana na mtama wa zamani wenye ukakasi, panda mweupe. Ushauri huo ulikuwa na sababu. Unga wa mtama mweupe hauna uchungu, na viwanda vya bia huupenda zaidi.

Sasa utafiti kutoka Jimbo la Nebraska, Marekani, unaonyesha kwamba kile kinacholeta ukakasi, yaani tanini, kina kazi tumboni mwa binadamu ambayo haikuwa ikihesabiwa. Je, habari hii ina maana gani kwa mkulima na kwa mwenye mashine ya kusaga?

Kituo chenyewe kinaitwa Nebraska Food for Health Center. Kilianzishwa mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, chini ya Profesa Andrew Benson. Nebraska ni jimbo la wakulima wa mahindi, soya na wafugaji wa ng'ombe. Ndiyo maana kituo hicho kimewaweka pamoja wataalamu wa mbegu, wa vyakula na wa afya, wachunguze jinsi zao linavyogusa bakteria wanaoishi tumboni.

Kwa kawaida sehemu kubwa ya wanga, protini na mafuta huyeyushwa na kufyonzwa kabla ya kufika kwenye utumbo mpana. Kinachobaki, hasa nyuzinyuzi, hufika huko na kuliwa na bakteria. Baadhi yao huchachusha mabaki hayo na kutoa asidi ambazo ni chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Kwa hiyo anayekula unga uliokobolewa mno huwanyima bakteria hao chakula.

Mtama 294 katika maabara

Mwaka 2022 watafiti wa kituo hicho walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature Communications. Walichukua punje za mistari 294 ya mtama iliyotokana na uzao mmoja, wakazisaga na kuziyeyusha katika maabara kwa namna inayofanana na kazi ya tumbo. Kisha mabaki waliwapa bakteria waliotoka kwa binadamu, wakapima ni bakteria gani waliongezeka na walitoa nini.

Walibaini sehemu 10 katika vinasaba vya mtama zinazobadili hali ya bakteria hao. Mbili kati ya hizo ziliangukia kwenye jeni zinazoongoza utengenezaji wa tanini. Walipowapa bakteria tanini, wale waliohusishwa na sehemu hizo mbili waliongezeka.

Kwa lugha rahisi, aina mbili za mtama zinaweza kufanana shambani na bado zikafanya kazi tofauti tumboni. Tofauti hiyo inarithiwa, hivyo mtaalamu wa mbegu anaweza kuichagua kama anavyochagua ukinzani wa ukame.

Hata hivyo, hii ilikuwa kazi ya maabara. Haijathibitisha kwamba mtu akila ugali wa mtama wenye tanini atapona ugonjwa fulani. Mfanyabiashara atakayeandika hivyo kwenye mfuko wa unga atakuwa anadanganya wateja.

Ushahidi wa Kilimanjaro

Kwa upande wa watu wenyewe, tunao utafiti wa nyumbani. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa Moshi walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro walishiriki. Kundi moja lilitoka kwenye chakula cha asili na kula chakula cha kizungu kwa wiki mbili, jingine likafanya kinyume chake. Kundi la tatu lilikunywa mbege, inayotengenezwa kwa ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Wachache walibaki na chakula chao ili kulinganisha.

Waliohamia chakula cha kizungu walionyesha dalili za uvimbe wa ndani katika damu, na kinga yao ikalegea dhidi ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na waliokunywa mbege, dalili hizo zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Idadi ya washiriki ni ndogo na wote ni wanaume, lakini mwelekeo unaeleweka. Aidha, mbege ina kilevi, hivyo matokeo hayo si ruhusa ya kunywa kupita kiasi.

Hesabu ya shambani

Tanini ina hasara zake. Hushikana na protini na madini ya chuma, hivyo mwili hupata kidogo zaidi. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, ambao upungufu wa damu huwaandama, hilo si jambo dogo. Watengenezaji wa chakula cha mifugo nao huikwepa, na karibu mtama wote unaouzwa Marekani hauna tanini.

Faida yake shambani inajulikana: ndege hawaupendi. Kwelea kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku moja. Mwenye mtama mweupe hulazimika kuamia ndege tangu alfajiri, au kulipa wa kumwamia.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Ekari ya mtama mweupe ina gunia 8; ndege wanakula 2, na gharama ya kuamia ni sawa na gunia 1. Zinabaki 5. Ekari ya mtama wenye tanini ina gunia 6. Ndege wanakula nusu gunia. Zinabaki tano na nusu. Hapo mtama wenye tanini umeshinda. Lakini bei ya mweupe ikizidi kwa asilimia 20, gunia zake 5 zinakuwa na thamani ya gunia 6, na mweupe unashinda. Kila mkulima aweke namba zake mwenyewe kabla ya kuamua.

Akumbuke pia yaliyowapata majirani zetu. Mwaka 2013 Serikali ya Kenya ilipunguza nafuu ya ushuru kwa bia ya Senator Keg, iliyokuwa ikitumia mtama wa wakulima wadogo. Bei ya bia ikapanda, mauzo yakaporomoka, na ununuzi wa mtama ukashuka. Nafuu ilirejeshwa mwaka 2015, lakini mkulima aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu alikuwa ameshaumia.

Cha kufanya msimu huu

Kwanza, usitupe mbegu ya zamani. Tenga hata robo ekari, mbali na mtama mweupe ili mbegu zisichanganyike, na uhifadhi masuke bora. Wataalamu wakija kuitafuta mbegu hiyo, isiwe imepotea kijijini.

Pili, usidanganywe na rangi. Si kila mtama mwekundu una tanini. Inakaa kwenye utando mweusi ulio chini ya ganda. Kwangua punje kwa ukucha au kisu, utauona. Ukakasi mdomoni ni dalili nyingine.

Tatu, mwenye mashine ajue kwamba kukoboa huondoa tanini pamoja na nyuzinyuzi. Auze dona ya mtama ikiwa imetengwa na sembe, na mfuko useme ukweli: mtama usiokobolewa. Hilo linatosha kumvutia mteja wa mjini bila kumwahidi tiba.

Nne, usipande ekari nyingi za mtama wenye tanini ukisubiri bei nzuri. Bei hiyo bado haipo. Kwa sasa zao hilo ni la chakula cha nyumbani, togwa na pombe ya kienyeji, na kinga dhidi ya ndege. Siku atakapotokea mnunuzi wa kuulipia kwa ajili ya afya, mkulima adai mkataba wa maandishi wenye bei na kiasi kabla hajapanda.