Kibaraza Kilichobaki Ndani

Shikeni kalamu zenu na rula, maana somo la leo lina hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa naye aweke chaki karibu.

Leo tutasema habari za viti. Si viti vya kubebwa, bali vile vilivyojengewa mahali pamoja wala haviondoki. Kwetu kiti cha namna hiyo ni kibaraza. Kibaraza cha nje sina neno nacho: hakihitaji mbao, hakivunjiki, wala mwizi hakibebi. Lakini hapa Dakawa, kama mahali pengi pa Morogoro, watoto wakiongezeka mwenye nyumba huziba ukumbi wake wa mbele kwa matofali na kutia mlango. Amepata chumba cha pili kwa gharama ndogo. Kumbe kibaraza kimebaki ndani! Kiti cha wageni sasa kimo chumbani, nacho hakisogei.

Tupime chumba hicho. Mwalimu, andika ubaoni. Urefu futi 12, upana futi 6. Sita mara kumi na mbili ni 72, basi sakafu ni futi za mraba 72. Kibaraza kina urefu wa futi 9 na upana wa futi 2, yaani futi za mraba 18. Gawanya 72 kwa 18, utapata 4. Maana yake robo nzima ya chumba imeliwa na udongo.

Tena angalia upana. Ukitoa futi 2 za kibaraza katika futi 6, zimebaki 4. Kitanda cha futi tatu na nusu kikiwekwa hapo, njia ya kupita ni nusu futi. Nani atapita hapo? Paka labda. Kibaraza kikiondoka, kitanda kile kile kinaacha njia ya futi mbili na nusu, na mtu mzima hupita na ndoo yake.

Basi wengi huona afadhali kumlaza mtoto juu ya kibaraza. Hapo ndipo penye jambo la kuangaliwa sana. Kwanza, mahali pa futi 2 kando ya ukuta ni pembamba mno kwa chandarua. Mtoto akigeuka hugusa wavu, na mbu humuuma kupitia matundu yake. Mashamba ya mpunga ya bonde la Wami hukaa na maji siku nyingi, nasi tunajua mbu wetu.

Pili, kuna papasi. Huyu ni kupe asiye na gamba gumu, hukaa katika nyufa za udongo mkavu: sakafuni, chini ya kuta na ndani ya vibaraza vilivyopasuka. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi ufani mwake. Asubuhi humwoni. Aweza kukaa miezi mingi, hata miaka, bila kula. Huleta homa ya papasi, homa inayoacha kwa siku kadhaa mtu akadhani amepona, kisha ikarudi. Ni ya hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto mdogo. Mwaka 1905 mganga Mjerumani Robert Koch aliichunguza katika nchi hii, na mwaka huo huo Mwingereza Dutton, aliyeichunguza Kongo, alikufa kwa homa hiyo hiyo. Siku hizi si nyingi kama zamani, lakini haijakwisha. Mwenye homa inayokwenda na kurudi apelekwe zahanati, na aeleze kwamba alilala juu ya udongo.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kwa jembe! Mimi nilianza kwa jembe. Nilikata kibaraza changu chote kwa asubuhi moja, na jioni ukuta ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nikakaa mwezi mzima na gogo limeegemezwa ukutani. Kibaraza cha zamani mara nyingine ndicho kinachoshika mguu wa ukuta, na mimi sikulijua hilo.

Basi chimba kwanza shimo la kujaribia, upana futi 1, kutoka mbele ya kibaraza mpaka ukutani. Tazama ukuta unaanzia wapi. Kama matofali yanashuka mpaka chini ya sakafu, waweza kuendelea. Kama ukuta umeanzia juu ya udongo wa kibaraza, simama. Acha kipande cha nusu futi kando ya ukuta, ukipige lipu vizuri kisiwe na nyufa, au mwite fundi. Kazi hii ifanywe kati ya Juni na Septemba, si wakati wa masika, maana ukuta uliolowa ni dhaifu.

Udongo utakaotoka si mchache. Kibaraza chetu kikiwa na kimo cha futi moja na nusu, zidisha 18 kwa moja na nusu: futi za ujazo 27. Huo ni uzito wa zaidi ya tani moja, basi omba vijana na makarai. Usiurudishe nyumbani kwa kukandika kuta, maana papasi watarudi nao. Upeleke mbali, ufukie shimo linalotuama maji. Kisha ziba kila ufa wa sakafu na wa chini ya ukuta.

Badala ya kibaraza, tengeneza sanduku la kukalia. Urefu futi 4, upana inchi 16, kimo inchi 17 pamoja na miguu. Miguu iwe ya inchi 4, ili ufagio upite chini na unyevu usipande. Kifuniko kiwe na bawaba, na ndani uweke nguo au mashuka. Mbao za mtiki kutoka Mtibwa ni nzuri, lakini chagua zile za kahawia za moyo wa mti. Zile nyeupe za pembeni mchwa huzila. Paini ni rahisi, ila iwe imetiwa dawa. Mchana masanduku mawili ni viti vya wageni, usiku unayasukuma pembeni na kutandika.

Jambo hili si letu peke yetu. Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri na kuishi ndani ya magari yenye kitanda na jiko. Viti vyake hujengewa humo kiwandani, na wenyewe wakiona nafasi haitoshi huving'oa na kuweka vya kusogezwa. Nao hutazama kwanza, maana chini ya kiti huenda pana betri, tangi la maji, au gurudumu lenyewe. Tena kiti chenye mkanda wa usalama hakibadilishwi kwa kiti kisicho na mkanda, kama mtu atakikalia gari likiwa linakwenda.

Liko neno moja la mwisho, nalo si la ufundi. Kibaraza kina mwenyewe. Huenda babu ndipo anapokaa kila jioni, na mkono wake umezoea ukuta ule. Usimvunjie kibaraza kabla hujampa kiti. Mpime akiwa ameketi: nyayo zote mbili zikae chini, na aweze kuinuka bila kuvutwa. Kama inchi 17 ni chini mno kwake, mwongezee.

Kazi ya juma hili. Pima chumba kimoja cha nyumbani kwako, urefu na upana. Pima kila kitu kisichosogea. Andika futi za mraba za sakafu, kisha za vitu hivyo, utoe. Asiye na rula atumie kamba yenye mafundo ya futi moja moja. Daftari ziletwe Jumatano.