SUNGURA MGENI: JE, NI WA AINA GANI?

Sungura anapoletwa nyumbani kutoka sokoni, au watoto wanapopewa na rafiki yao wamfuge, kila mtu huuliza: Je, huyu ni wa aina gani? Swali hili lina maana kwa mkulima wa skimu, maana muuzaji akitaja jina kubwa hutaja na bei kubwa. Huenda mtu akajenga banda na kununua chakula akidhani amepata sungura wa nyama, kumbe ana mdogo asiyeweza kumrudishia fedha zake.

Ukitaka kumtambua, usianze na rangi. Anza na mzani. Mtie katika kikapu, umpime, kisha utoe uzito wa kikapu. Mpime akiwa amekomaa, yaani baada ya miezi 6 hadi 8. Kitoto cha miezi 2 hakina ushahidi wa kutosha.

Pili, tazama masikio: yamesimama au yamelala? Tatu, shika manyoya. Yakiwa marefu kama sufi, huenda ana damu ya Angora. Ikiwa ni wa kijivu, yapulize kwa mdomo mpaka ngozi ionekane. Chinchilla huonyesha pete za rangi mbalimbali katika unywele mmoja. Hapo ndipo utazame rangi ya mwili na macho.

Aina hizi hujulikana hapa Kenya:

New Zealand White ni mweupe mwili wote, macho mekundu, na uzito wake ni kilo 4 hadi 5 au zaidi kidogo. Ajapoitwa hivyo, alikuzwa kwanza Marekani.

Californian ni mweupe, lakini pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi. Hufika kilo 4 hivi. Weusi huo huzidi panapokuwa na baridi. Basi aliyelelewa Kinangop aweza kuwa mweusi zaidi masikioni kuliko ndugu yake aliyelelewa mahali pa joto, nao ni aina moja.

Flemish Giant, asili yake Ubelgiji, ni mkubwa kabisa: kilo 6 na zaidi, tena masikio yake marefu husimama.

Dutch ana mkanda mweupe mabegani na mstari mweupe usoni. Uzito wake ni kilo 2 hivi. Watoto humpenda, lakini nyama yake ni kidogo.

Sasa sikilizeni, wakulima. Weupe huficha mengi. Sungura mweupe mwenye macho mekundu huenda amebeba ndani yake rangi nyingine isiyoonekana, na wawili wa namna hiyo wakipandishwa huzaa vitoto vyeupe vitupu, hata wakiwa chotara. Kwa hiyo rangi peke yake haithibitishi aina. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha baba na mama, au daftari lao, mwandike mgeni wako kuwa chotara, nawe ulipe bei ya chotara. Hilo si aibu. Chotara jike anayelea vitoto vyake vyema mpaka vinene ana faida kuliko mwenye jina asiyezaa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini sungura mgeni mpe siku 14 katika banda la peke yake. Kila siku mtazame pua kama inatoka kamasi, na ndani ya masikio kama kuna ukoko. Akiwa mzima ndipo umsogeze karibu na wenzake.

Usimpandishe jike mdogo kwa dume mkubwa mno, kwa kuwa vitoto vikubwa humtaabisha wakati wa kuzaa. Mimba ni siku 31 hivi. Katika daftari andika tarehe ya kupandisha, jina la dume, idadi ya vitoto, na uzito wao wanapoachishwa kunyonya. Ukiwa na shaka, mwulize Afisa wa Mifugo wa kwenu.

Na siku utakapomwuzia jirani, mwonyeshe daftari hilo. Jina lisilo na ushahidi huuzwa mara moja tu. Daftari la kweli humrudisha mnunuzi mlangoni kwako.