Maziwa hayaoshi mapafu: kinachoelea ndani ya mitambo iliyozimwa

Tangu Uingereza ilipozima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, wasomaji wenye watoto wanaosoma huko wameniletea maswali kuhusu video za vijana wanaoruka uzio na kuzurura ndani ya vituo vilivyotelekezwa. Wanauliza kuhusu kuanguka. Wanauliza kuhusu mionzi. Wachache wanauliza kuhusu vumbi, na hao huwa wameshajijibu: si atakunywa maziwa?

Mionzi tuimalize haraka. Majivu ya makaa ya mawe yana urani na thori kwa kiasi kidogo, kama yalivyo mawe na udongo mwingi. Hakuna la kumkosesha mzazi usingizi hapo. Kuanguka ni hatari ya kweli. Huko Didcot, kituo kingine cha umeme kilichofungwa Uingereza, tarehe 23 Februari 2016, jumba la boila liliporomoka likiandaliwa kubomolewa, likaua wanaume wanne waliokuwa kazini. Mwili wa mwisho ulipatikana baada ya zaidi ya miezi sita. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, si wanafunzi wenye kamera.

Lakini vumbi ndilo linaloniudhi, kwa sababu halionekani kwenye video.

Mvuke unaozungusha mitambo ya kufua umeme huvuka nyuzijoto 500, na mabomba yake lazima yavikwe kitu kisichoungua. Kwa miongo mingi kitu hicho kilikuwa asbesto. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya bluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Vituo vyake vingi vya makaa vilikuwa vimejengwa muda mrefu kabla ya hapo. Kituo kikifungwa, paa huvuja, kile kilichovikwa mabombani hulowa, hukauka, hupasuka na kudondokea kwenye vijia vya chuma. Pale kampuni ilipokwisha kuondoa asbesto kwa utaratibu, hatari hupungua sana. Anayepenya usiku kwenye tundu la uzio hajui kama kazi hiyo imefanyika.

Sasa sehemu ninayoipenda, mnivumilie. Uzi wa asbesto ukiwa hewani hujilaza kuufuata mkondo wa hewa. Kwa hiyo kinachoamua utafika wapi ni unene wake, wala si urefu. Wenye unene chini ya maikromita 3 huteleza hadi kwenye vifuko vya hewa, hata ukiwa mrefu mara kumi ya unene huo. Pale hukutana na makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kumeza uchafu. Makrofaji yenyewe ina upana wa maikromita 10 hadi 20 hivi, na uzi unaweza kuzidi 20. Seli inaanza kuumeza, inafika katikati, inakwama kama chatu aliyeparamia mpini wa jembe.

Ingekufa kimya kimya, mambo yangeishia hapo. Badala yake, kwa kuwa haikuweza kujifunga, vimeng'enya na kemikali kali za oksijeni ilizotayarisha kwa ajili ya kuuyeyusha uzi humwagika nje na kuunguza tishu jirani. Inatoa ishara za kuita nyingine, nazo zinakuja na kukwama vilevile. Asbesto ya bluu na ya kahawia haiyeyuki mwilini, kwa hiyo vita hivyo huendelea kwa miongo. Kovu hujengeka juu ya kovu, na seli zinazogawanyika katikati ya moto huo huharibikiwa vinasaba. Nyuzi nyingine husafiri hadi kwenye utando unaozunguka mapafu. Utando huo una vijitundu vya kutolea majimaji. Nyuzi fupi hupita, ndefu hunasa mlangoni, na hapo ndipo inapoaminika saratani ya mesotelioma huanzia. Mara nyingi hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye.

Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma huko Afrika Kusini, wengi wao wenye uhusiano na eneo la migodi ya asbesto ya bluu. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi tu karibu. Uingereza, pamoja na marufuku yake yote, bado hupoteza zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka kwa ugonjwa huo.

Sasa maziwa. Maziwa huenda tumboni. Vumbi liko mapafuni. Njia hizo mbili zinaachana kooni, na maziwa yakikosea njia utapaliwa. Nimelisikia dai hili la maziwa kwa wasaga nafaka, wapaka rangi na wachoma vyuma, na waajiri wengine hulipenda kwa kuwa pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa ya maana. Wengine husema, “Sikukohoa, niko salama.” Nyuzi hizo hazikoholeshi. Wengine hukimbilia eksirei wiki inayofuata, ambayo haitaonyesha chochote. Na hawa wauza chai za “kusafisha mapafu” mitandaoni, waulizwe jambo moja: chai yenu inayeyushaje kitu kilichochaguliwa kuvika boila kwa sababu hakiyeyuki?

Aliyeingia mara moja asianze kuandika wosia. Hatari huongezeka kadiri nyuzi zinavyorundikana, na ziara moja huongeza kidogo. Nguo asizikung'ute. Azilowanishe, azifunge kwenye mfuko, aoge, amwambie daktari ili iandikwe kwenye rekodi zake. Kama anavuta sigara, aache: asbesto na tumbaku kwa pamoja huzidisha hatari ya saratani ya mapafu kuliko kila kimoja peke yake. Kitambaa usoni hakizuii kitu. Anayetaka kuona mandhari aende Battersea, London, ambako kituo kilichofungwa mwaka 1983 kilifunguliwa upya Oktoba 2022, na lifti humpandisha mtu ndani ya bomba la moshi hadi mita 109, kwa tiketi.

Limebaki moja. Chuma kinaposhika kutu hula oksijeni. Ndani ya tangi au boila iliyofungwa muda mrefu, kutu inaweza kuishusha kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi chini ya 10, bila harufu wala dalili ya kukutahadharisha, na mtu huzimia baada ya pumzi chache. Mwenzako akiingia humo akaanguka, usimfuate. Kwa Uingereza, piga simu ya zimamoto, 999, useme wazi kwamba yumo ndani ya tangi, ili waje na mitungi ya hewa.